Nyumba ya Wasichana na Banda la Pikipiki

Mimi nikipika na hasira, chakula kinaungua. Wanafunzi wa shule yetu wanalijua hilo. Wakiona makande yameshika chini ya sufuria wanaambiana, "Mkuu kamkera tena Mama Muhsin." Basi leo yameshika. Wamekuja wageni kutoka Korogwe, wamepelekwa nyuma ya madarasa kuiangalia ile nyumba ya udongo, na nimemsikia mkuu wa shule kwa masikio yangu haya akiwaambia, "Hii ni kazi ya klabu yetu." Yetu! Yeye na nani? Nimeshika mwiko nikatoka jikoni nikakaa huku nje, nisije nikasema neno mbele za watu nikafukuzwa kazi.

Wewe umenikuta hapa, na huna haraka. Kaa kwenye hicho kigoda nikwambie ile nyumba kajenga nani na kavunja nani, maana ukimsubiri mkuu akuambie, utaota mvi.

Jina langu Mwanaidi, ila hapa wote wananiita Mama Muhsin. Nimezaliwa bondeni Korogwe, nikaolewa huku Handeni, na kazi yangu ni kupika katika shule hii ya sekondari, ukiiacha barabara kubwa pale Mkata unaingia ndani kidogo. Asubuhi uji, mchana makande. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa. Ile nisiyolipwa ni kusikiliza shida za wasichana. Hawaendi ofisini. Wanakuja jikoni, wanajifanya wanaomba maji ya kunywa, na mimi nawaambia, "Sema, mwanangu, maji hunywi wewe."

Naishorua alianza kuja hivyo alipokuwa kidato cha pili. Ni binti wa Kimasai, boma lao liko kule kwenye nyanda kavu, mbali kabisa na njia ya gari. Alikuwa anatoka kwao giza halijaondoka, anafika viatu vimekuwa vyeupe kwa vumbi. Mrefu, mkimya, halafu ana kiburi kizuri cha watu wa kwao. Akikasirika hasemi, ila pua zinamcheza. Mimi na yeye tulikuwa tofauti hapo. Mimi nikikasirika hata kuku wa jirani wanapata habari.

Mwaka ule ndipo mkuu wetu, Mwalimu Lukasi, alipotangaza mstarini kwamba tumepata klabu ya stadi za maisha. Kila Jumatano na Ijumaa baada ya vipindi wanafunzi watafanya kazi za mikono, ili mtoto akimaliza shule asikae kijiweni kuhesabu malori. Nilipiga makofi, wallahi. Jambo jema ni jema hata likitoka kwa mtu usiyempenda. Mlezi wa klabu akawekwa Mwalimu Nicolaus, kijana wa Lutindi kule milimani, mpole, anapenda watoto. Kasoro yake moja tu: akisimama mbele ya mkuu sauti inampotea yote.

Halafu wakagawa kazi. Wavulana, ujenzi. Wasichana, ufumaji na mapishi.

Mapishi! Nikaletewa jikoni kundi zima la wasichana niwafundishe kusonga ugali. Mtoto wa Kizigua aliyezaliwa Mkata, aliyeanza kumenya mihogo kabla hajajua kusoma, eti nimfundishe bada, ugali wa mihogo! Nikamwuliza Mwalimu Nicolaus, "Hawa ndio wanafundishwa maisha, au mimi ndiye nimepata wasaidizi wa bure?" Akacheka, akaangalia chini, akasema, "Mama Muhsin, ratiba imetoka juu." Na waliokosa nafasi jikoni wakapewa sindano na nyuzi wafume vitambaa vya makochi. Nenda kaangalie nyumba za hapa, ni ngapi zina makochi.

Naishorua alikaa kwenye benchi na sindano zake, akaziangalia kama mtu aliyeletewa chakula cha mbwa. Ng'ambo ya uwanja wavulana walikuwa wanakanyaga udongo, wanarushiana, wanacheka. Akaniambia polepole, "Mama, kwetu mwanamume akionekana anakandika nyumba, watu watamcheka mpaka ahame."

"Kwenu nani anajenga?"

"Mama. Kila mwanamke anajenga nyumba yake. Mimi nimeanza kukandika na yeyo nikiwa mdogo hivi." Akaonyesha goti. Yeyo ndiyo mama, kwa lugha yao.

"Kamwambie Mwalimu Nicolaus."

"Nimemwambia. Amesema wasichana ni ufumaji." Na pua zikaanza kumcheza.

Sasa hapo ingekuwa ni hasira ya kitoto tu, ya mtu kunyimwa mchezo, ingepita. Lakini kulikuwa na jambo jingine kubwa zaidi, na hilo ndilo lililonitia mimi kichaa.

Wasichana wa shule hii hawakuwa na mahali pa kujisitiri. Kulikuwa na choo cha shimo, mlango wake gunia. Upepo ukivuma, gunia linapepea, na nyuma yake kuna njia ya wavulana kwenda uwanjani. Msichana akiwa katika siku zake atajisafishia wapi? Wa karibu walikuwa wanakimbia nyumbani mara moja, wanarudi. Naishorua akikimbia kwao, hawezi kurudi mpaka kesho yake. Kwa hiyo kila mwezi siku zile alikuwa hatokei kabisa, na kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro.

Mkuu akamwita baba yake. Salaash akaja na shuka lake na fimbo, akakaa kwenye kiti cha ofisi kwa shida, kiti chenyewe kifupi na yeye miguu mirefu. Mimi nilikuwa napeleka chai. Mkuu akasema na kusema: mtoto mtoro, anaharibu sifa ya shule, nyinyi wafugaji hamthamini elimu. Loo! Mzee wa watu akamgeukia binti yake, aliyesimama mlangoni, akamwuliza kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Unakwenda wapi siku hizo?"

Naishorua atasema nini? Amwambie baba yake mambo ya damu, mbele ya mwalimu mwanamume na mpishi ameshika birika? Akainamisha kichwa. Salaash akasimama akasema, "Nilikuleta shule usome, watu wote wa boma wakanipinga. Sasa naitwa kama mwizi. Sikiliza neno langu. Nikiitwa hapa mara nyingine, unarudi nyumbani." Akatoka. Neno la yule mzee kila mtu anayemjua anakwambia, likitoka limetoka, halirudi kinywani.

Mimi nikabaki na birika langu. Nikamwambia mkuu, "Mwalimu, huyu mtoto si mtoro. Wasichana hawana mahali pa kujisitiri. Wavulana si wanajenga? Wajenge chumba cha wasichana."

Mkuu akakoroga chai yake. "Wavulana wana mradi tayari."

"Mradi gani?"

"Banda la pikipiki za walimu. Jua linaharibu viti."

Nakwambia, damu ilinichemka hadi machoni. Jua linaharibu viti! Pikipiki ipate kivuli, mtoto wa mtu avae aibu! Niliweka birika mezani kwa kishindo, chai ikamwagika kwenye karatasi zake, na sikuifuta.

Jumatano iliyofuata wasichana walipokuja jikoni kwa mapishi, nikamwita na Naishorua kutoka kwenye ufumaji, nikawaambia, "Leo napika mimi mwenyewe. Nyinyi mnafundishwa na Naishorua." Kipindi ni changu, jiko ni langu, nani ataniuliza? Naishorua akasimama, akavua sweta la shule, akafunga kanga yangu kiunoni. Nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu meno yote.

Wakaenda nyuma ya madarasa. Akachora chini kwa kisigino, wakachimba, wakasimika nguzo na kufunga fito. Udongo wakatoa kwenye kichuguu, majivu nikawapa ya jikoni. Na Ijumaa akaja mama yake, Nanyori, na punda amebeba viroba vya mavi ya ng'ombe mabichi.

Hapo ndipo klabu ilipotaka kuvunjika. Husna, binti wa hapa Mkata, mcheshi, mdomo wake hauna breki, akarudi nyuma akaziba pua. "We! Mimi nishike mavi? Hiyo ni najisi! Nitaoga humo nitoke nikaswali?" Wenzake wote Waislamu wakaweka mikono nyuma. Naishorua akasema bila mavi mvua ya kwanza inaondoka na ukuta. Husna akasema bora ukuta uondoke kuliko udhu. Wakaangaliana pale kama majogoo, na mimi katikati, Mwislamu, najua Husna ana haki, na najua mvua ya Handeni ikiamua kuja inavyokuja.

Nanyori hakuelewa ugomvi wote, Kiswahili chake ni cha sokoni. Binti yake akamweleza kwa Kimaa. Akafikiri, akapiga ukuta kwa kiganja upande wa nje, akajielekezea kifuani mwake. Halafu akapiga upande wa ndani, akamwelekeza Husna. Basi, kesi ikaisha. Wasichana wa Kimasai wakakandika nje kwa mavi na majivu, ambako mvua inapiga. Wa Kizigua wakaleta udongo mwekundu wa kwao, wakakandika ndani na sakafu, safi, wakalainisha kwa mikono mpaka ukang'aa. Kila mmoja kwa dini yake na ukuta ni mmoja.

Kosa moja Naishorua alifanya, na tulimcheka mpaka tukakaa chini. Alijenga kama kwa mama yake. Na nyumba ya kwa mama yake mtu anaingia ameinama, akifika ndani anakaa. Husna akaingia kwa madaha, akasimama wima, puu! Kichwa kwenye fito. Akatoka ameshika paji la uso. "Dada, hiki ni chumba cha watu au cha mbuzi?" Naishorua pua zikamcheza, akakaa chini, akaliangalia paa. Lakini alipoinuka alifungua paa lote, akaunga nguzo, akapandisha. Hakumwomba mtu msaada, na hakumnunia mtu.

Ila kitu kimoja alikataa kubadilisha, nacho ni pa kuingilia. Husna alimwuliza mlango atautoa wapi, maana shule haitanunua mbao. Naishorua akamwambia, "Hatuhitaji." Pa kuingilia alipapinda. Unaingia, unakutana na ukuta, unageuka, ndipo unafika ndani, kama unavyoingia kwenye pembe ya ng'ombe. Ukisimama nje hata uchungulie vipi unaona udongo tu. Hakuna gunia la kupepea na hakuna kitasa cha kuibiwa. Ndivyo nyumba za kwao zinavyojengwa, upepo na ndama wasiingie hovyo.

Walipomaliza niliwawekea ndoo mbili za maji na kata. Mwezi ule Naishorua hakukosa shule hata siku moja.

Sasa subiri.

Ikaja habari kwamba kuna wageni wanakuja Ijumaa kutoka Korogwe kukagua kazi za klabu. Mkuu akaanza kuzunguka shule, hajawahi kuzunguka hivyo tangu ahamie. Akapita nyuma ya madarasa. Nilimwona amesimama mbele ya ile nyumba, ameshika kiuno. Akauliza, "Hii nini?" Mwalimu Nicolaus akasema kwa sauti ya kuku mgonjwa, "Chumba cha wasichana, mkuu. Wamejenga wenyewe."

"Nyumba ya mavi! Ndani ya shule! Wageni waione? Ivunjwe."

Ijumaa asubuhi akawatuma wavulana wa ujenzi na majembe. Kiongozi wao, Abdi wa kidato cha tatu, alisita. Akasema, "Mkuu, mbona imekauka vizuri?" Akajibiwa, "Wewe ni mkandarasi? Piga!" Wakapiga. Nataka uelewe, sikuwalaumu wavulana. Walipiga huku wanaangalia pembeni. Udongo uliokandikwa vizuri hauanguki haraka, na kila pigo lilisikika mpaka madarasani. Wasichana walikuwa madirishani. Naishorua alisimama nje, mikono chini, anaangalia, machozi hayatoki. Mimi nilitoka jikoni nikapiga kelele zote ambazo Mungu amenipa. Niliwauliza kama mama zao waliwaokota. Nilimwuliza mkuu kama yeye alishuka na mvua. Alijifanya hasikii.

Wageni wakaja. Wakaonyeshwa banda la pikipiki, bati linameta, pikipiki zimepangwa mstari kivulini. Wakaonyeshwa vitambaa vya makochi. Wakala pilau yangu, wakaisifu, na mimi sikuwanyima, mgeni hana kosa. Mmoja wao, mama mtu mzima, akauliza kwa upole pa kujisaidia. Akapelekwa choo cha walimu, chenye mlango na kufuli. Nikamwangalia akienda, nikasema moyoni, laiti ungebanwa na haja kidogo ukakosea njia, ungeliona lile gunia.

Walipoondoka tu, mkuu akamwita Naishorua. Amekaidi ratiba, amewapotosha wenzake, ameleta uchafu shuleni. "Jumatatu uje na baba yako. Bila baba yako usivuke geti hili."

Unaona sasa? Alimpa mtoto maneno yake mwenyewe ya kumfukuzisha, ayabebe mdomoni mpaka nyumbani. Akimwambia baba, "Unaitwa," basi baba ameitwa, na neno la Salaash unalikumbuka. Asipomwambia, geti limefungwa. Amebanwa huku na huku.

Alikuja jikoni kuniaga. Hakusema naomba maji. Akasema, "Mama, asante kwa kanga," akaikunja, akaniwekea mezani.

Nikamwambia, "Kanga haijarudi hiyo. Twende."

Nikafunika moto, nikaenda naye kwa miguu yangu hii yenye uvimbe. Jua kali, miiba, na mimi njia nzima namtukana Mwalimu Lukasi, ukoo wake na pikipiki yake. Naishorua alicheka mara moja tu, pale nilipoitukana pikipiki.

Kufika bomani, ng'ombe wanarudi, vumbi limetanda. Salaash alikuwa kule kwenye zizi. Nikamkamata Nanyori kando, akiwa na kibuyu cha maziwa mkononi, nikamweleza yote. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi sikuficha. Nikamweleza za siku za mwezi, za gunia, za utoro, za majembe. Nikasema kwa mikono pale Kiswahili kilipokwisha. Za damu hazikumshtua, alikuwa anazijua, ila hakujua kama ndizo zinazoitwa utoro. Kilichomshtua ni kingine.

"Nyumba imevunjwa?"

"Imevunjwa."

"Imevunjwa na mwanamume?"

"Na wavulana, wametumwa na mwanamume."

Akaweka kibuyu chini. Akaenda zizini kwa mumewe, na wakaongea huko kwa muda, mgongo wa Salaash umetugeukia. Naishorua alikaa juu ya jiwe, anachora chini kwa kisigino kama alivyochora siku ile ya kwanza.

Baba yake akaja. Binti akasimama, akainamisha kichwa kama desturi yao, mzee akamwekea kiganja utosini.

"Baba, mwalimu amesema..."

"Nyamaza."

Mzee akaegemea fimbo yake.

"Mimi nilisema nini kule ofisini?"

"Ulisema ukiitwa mara nyingine, ninarudi nyumbani."

"Neno langu linarudi?"

"Halirudi, baba."

"Basi usiniite," Salaash akasema. "Mimi hapa hakuna mtu aliyeniita. Umesikia? Na wewe mama," akanigeukia, "kama ulikuja na ujumbe wa mwalimu, rudi nao. Chai utakunywa."

Jamani. Mimi ninayeongea kama redio, nikapokea kikombe tu. Nilikunywa ile chai ya maziwa machozi yananidondokea humo humo.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nakoroga uji, nikasikia kengele za punda. Nikatoka. Lilikuwa kundi zima la akina mama wa boma, Nanyori mbele, shanga zinalia, punda wamebeba fito na viroba. Nyuma yao Salaash na fimbo yake, na Naishorua kavaa sare. Wakaingia getini moja kwa moja, mlinzi akasogea mwenyewe.

Mkuu akatoka ofisini anatabasamu. "Ah, mzee Salaash! Umeitikia wito wangu."

"Wito gani? Mimi sijaitwa. Nimekuja."

"Si nilimwambia binti yako..."

"Binti yangu hajaniambia kitu. Muulize."

Mkuu akamwangalia Naishorua. Naishorua akasema, "Kweli, mwalimu. Sijamwita." Na huo ulikuwa ukweli mtupu, hata ukimlisha yamini.

Wakati huo akina mama walikuwa wameshapita, wameshafika nyuma ya madarasa, wameshaanza kuchimba. Mkuu akashtuka. "Mzee, hawa wanafanya nini? Waambie waache!"

Salaash akasema, "Mimi nina ng'ombe, mwalimu. Nyumba sina. Nyumba ni ya mwanamke. Mimi nikivunja nyumba ya mke wangu, nitalala wapi? Siwezi kuwaambia. Waambie wewe." Kisha akatafuta kivuli, maana nyumba ikijengwa mwanamume anakaa mbali. Akaliona lile banda. Akaingia, akakaa juu ya pikipiki ya mkuu mwenyewe, akalaza fimbo mapajani. Kiti kilikuwa baridi, nadhani.

Mkuu akaenda kwa akina mama. Akapaza sauti, akataja sheria, akataja mtendaji wa kata. Nanyori akamjibu kwa Kimaa, maneno mengi, na wenzake wote wakacheka pamoja. Halafu akamwekea donge la udongo mkononi na kumwonyesha ukuta. Mkuu alilishika lile donge, hajui aliweke wapi. Ndipo Mwalimu Nicolaus akatokea. Nilidhani amekuja kulia. Akasimama mbele ya mkuu, shingo imemtoka mishipa, akasema, "Mkuu, kipindi hiki nimekipanga mimi. Ujenzi, wasichana. Kama ni kosa, andika langu." Akawapigia wasichana filimbi watoke. Husna alikuwa wa kwanza, anakimbia na udongo wake mwekundu kwenye ndoo. Abdi na wavulana wakaja kubeba maji, wakafukuzwa kwenye udongo lakini maji wakaruhusiwa.

Mkuu akarudi ofisini na donge lake. Mchana nyumba ilikuwa imesimama, nzuri kuliko ya kwanza, ina kimo cha kutosha hata kwa Husna na kichwa chake.

Naishorua yuko kidato cha nne sasa. Mvua ikipita unamwona amefunga kanga yangu anakandika upya, na wasichana wadogo wanamfuata nyuma. Ujenzi wa wasichana upo kwenye ratiba, ingawa cheti alichopewa kimeandikwa ufumaji. Ufumaji! Hajamaliza hata kitambaa kimoja. Na leo mkuu anawaambia wageni, "Kazi ya klabu yetu," ameita wavulana wapigwe picha mbele ya ile nyumba, tena wavulana ambao hawakuwepo.

Nilipotoka na mwiko, Naishorua ndiye aliyenizuia mlangoni. "Mama, rudi. Makande yanaungua."

"Wewe huna hasira?"

"Ninayo. Nimeiweka mpaka nimalize mtihani." Na pua zake zinacheza.

Mimi siwezi kuweka. Lakini nikwambie kimoja kinachonipoza. Muhula uliopita alijibizana na mkuu mstarini, kuhusu picha kama hizi za leo, maana si mara ya kwanza. Shule nzima ilisikia. Mkuu akapandwa, akanyoosha kidole, akasema, "Nenda kamwite ba..."

Akaliangalia lile banda la pikipiki. Akashusha kidole, akamwambia, "Nenda darasani."